Tumsaidie Nani, na Katika Nini?

Wengi wetu twadhani kuwa msaada na uadui ni mfano wa maji na moto: palipo kimoja, cha pili hakikai. Mtu akisifiwa kuwa ni mwepesi wa kusaidia, twahukumu papo hapo kuwa hana ubaya na yeyote. Leo twataka kuipima rai hii, tuone kama yasimama.

Katika mwaka 1954, Muzafer Sherif, mtaalamu wa ilimu ya nafsi mzaliwa wa Uturuki, pamoja na wenziwe, waliwapeleka wavulana 22 kambini huko Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Walikuwa wa umri wa miaka 11 hivi, watoto wa majumba ya kawaida, na hawakuwa wakijuana. Wakagawanywa makundi mawili, kila moja mahali pake. Wakafanya kazi pamoja, wakasaidiana, wakajipa majina: Rattlers na Eagles. Kisha makundi hayo yakakutanishwa katika mashindano ambayo tunzo yake ni ya mshindi peke yake. Hazikupita siku nyingi ila walikuwa wakitukanana, wakichomeana bendera na kuvamiana vyumbani.

Hapa ndipo penye mazingatio. Wavulana hao hawakuacha kusaidiana. Bali kadiri walivyowachukia wa upande wa pili, ndivyo walivyozidi kushikamana wao kwa wao. Mkono uliomnyanyua mwenzi ndio huo huo uliopindua kitanda cha jirani.

Wakubwa wakajaribu kuwasuluhisha kwa kuwalisha pamoja, wakatupiana chakula. Kilichofaa ni haja moja iliyowakabili wote. Maji yalikatika, kwa hila ya wakubwa wenyewe, wakalazimika kutafuta pamoja penye kasoro. Gari la kuleta chakula likakataa kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba ile ile waliyokuwa wakishindania. Hawakupatana kwa siku moja. Lakini kazi baada ya kazi uadui ukapungua, hata wakarejea makwao katika basi moja.

Wala si lazima makundi mawili yapigane. Mwaka wa nyuma yake, 1953, Sherif alijaribu jambo kama hilo katika jimbo la New York. Huko wavulana walifanya urafiki kwanza, ndipo wakagawanywa. Fitina haikushika, nao wakatambua kuwa wakubwa ndio wanaowachokoza.

Basi twajifunza mambo mawili. Kwanza, kuwasaidia walio wetu si dalili tosha ya wema, kwani hata wenye kudhulumu husaidiana. Pili, uadui hauondoki kwa karamu na hotuba, bali kwa kazi ambayo hapana upande uwezao kuimaliza peke yake.

Na sisi tuna mitaa yetu, timu zetu na kamati zetu. Mara ngapi mtu humtolea mwenzake ushahidi wa uongo, akaita huko ni kumsaidia! Mtume wetu (s.a.w.) alipoamrisha kumnusuru ndugu hata akiwa dhalimu, aliulizwa atanusuriwa vipi, akabainisha kuwa ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Huo ndio msaada ulio mzito kuliko wote, kwa sababu humghadhibisha anayesaidiwa.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiitwa kusaidia, usiulize tu: ni wetu au si wetu? Uliza pia: nani ataumia kwa msaada wangu?

Wabillahi tawfiki.