Ni Ibn Hajar Yupi?

Imekuwa ada katika baraza zetu, mtu atakapo kuikata hoja ya mwenziwe, kusema: "Ibn Hajar amesema," na hapo watu wakanyamaza. Nasi leo twapenda kuuliza suala dogo lisiloulizwa: ni Ibn Hajar yupi? Maana walio mashuhuri kwa jina hili ni wawili, nao wamefanana mfano wa pacha, na hali mmoja alikwisha kufa miaka 57 kabla mwenziwe hajazaliwa.

Wa kwanza ni Ahmad bin Ali, Ibn Hajar al-Asqalani, aliyezaliwa Misri mwaka wa 773 Hijriya (1372) akafa papo hapo Cairo mwaka wa 852 (1449). Wa pili ni Ahmad bin Muhammad, Ibn Hajar al-Haytami, naye ni wa Misri vile vile, aliyezaliwa mwaka wa 909, kisha akahamia Makka akasomesha huko mpaka alipokufa mwaka wa 974. Basi tazama: wote wawili ni Ahmad, wote laqabu yao ni Shihabuddin, wote ni Shafi, wote wa Misri. Tena Sheikh Zakariyya al-Ansari alikuwa mwanafunzi wa huyo wa kwanza na mwalimu wa huyo wa pili. Na kama kwamba hayo hayatoshi, Asqalani alikuwa na mwalimu wake aitwaye al-Haythami, kwa herufi ya the, mwenye Majma'uz Zawaid. Na yule Ibn Hajar wa pili ni al-Haytami, kwa herufi ya te. Atakayeandika majina haya kwa haraka katika herufi za Kizungu huenda akawafanya watu watatu kuwa mmoja.

Huenda mtu akasema: wote ni maimamu, basi pana dhara gani? Dhara ipo, wala si ndogo. Asqalani ni bahari ya Hadithi. Sherehe yake ya Sahihi Bukhari, yaani Fat-hul Bari, aliianza mwaka wa 817 akaimaliza mwaka wa 842, miaka 25. Akisema Hadithi fulani ni dhaifu, neno lake lina uzito ambao wachache wanao. Ama Haytami, umashuhuri wake khasa ni katika fiq-hi, na Tuhfa yake, ambayo ni sherehe ya Minhaj ya Imam Nawawi, ni katika vitabu wanavyovitegemea Mashafi wa zama za nyuma katika fatwa. Mwenye kutaka kujua kauli inayotegemewa katika madh-hab huenda kwa huyu, na mwenye kutaka kujua hali ya wapokezi huenda kwa yule. Ukimpa mmoja maneno ya mwenziwe, umeipa kauli uzito isiokuwa nao, na muulizaji akaenda nyumbani akaitumia.

Wala hatuyasemi haya kwa kuwacheka wengine. Sisi wenyewe, katika darasa baada ya Magharibi, tulinakili hukumu ya biashara kutoka Tuhfa, tukasema imo katika Fat-hul Bari. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma hakusema neno mbele za watu. Siku ya pili alitujia na kitabu kwapani, akatuomba tumwonyeshe mahali penyewe. Tulipekua mpaka tukaona haya. Ilitubidi darasa lililofuata tuikanushe kauli yetu kwa ulimi wetu, na mmoja wa waliosikia mara ya kwanza hakuwapo siku ile, ikabidi tumfuate dukani kwake.

Wazee wetu wa Hadithi waliliona jambo hili zamani wakalifanyia elimu mbali. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyekufa mwaka wa 463, alitunga kitabu kizima juu ya wapokezi waliolingana majina wakakhitilafiana wenyewe, na Ibn Salah akataja watu sita, kila mmoja akiitwa Khalil bin Ahmad. Sababu yake ni wazi: ikiwa wenye jina moja mmoja ni mwaminifu na mwingine ni dhaifu, kukosea mtu ni kuiharibu Hadithi. Dawa yao ilikuwa kutazama mwalimu, mwanafunzi, mji na mwaka wa kufa.

Makosa kama haya yako pia kwa Ibn al-Arabi. Tumepata kumsikia mtu akikataa kusomewa Ahkamul Qur'an kwa kudhani mtungaji wake ni yule Muhyiddin wa masufi, aliyekufa Damascus mwaka wa 638. Sivyo. Mwenye Ahkam ni Kadhi Abu Bakr wa Sevilla, Mmaliki, aliyekufa mwaka wa 543, kabla Muhyiddin hajazaliwa. Na Ibn Rushd ni babu na mjukuu, wote Abul Walid Muhammad bin Ahmad, wote makadhi wa Cordoba. Babu alikufa mwaka ule ule wa 520 aliozaliwa mjukuu.

Nasi watu wa pwani, tunaowapa watoto majina ya babu zao, haya yatufika mlangoni. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa, alikufa mwaka wa 1894. Mwanawe ni Sheikh al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya akafa mwaka wa 1947. Na mwana wa al-Amin ni Profesa Ali, aliyekufa Marekani mwaka wa 2014. Kijana mmoja alituuliza majuzi ni kitabu gani "Ali Mazrui" alichokiandika kwa Kiarabu. Tukamwambia: kwanza tutajie baba yake.