KUSAWAZISHA KIUNGO CHA GARI NA TELA
Maelezo kwa Wakulima wa Sokon I na Miteremko ya Mlima Meru

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili yako, mkulima, unayepakia mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na maharagwe, au matenga ya nyanya katika tela, ukateremka nayo hadi soko la Kilombero kabla jua halijapanda. Huenda gari si lako, umelikodi. Au huenda tela ni mali ya watu wanne watano mliochangiana fedha. Kwa vyovyote vile, mzigo ule ni kazi ya miezi mingi, na aliyeshika usukani ni baba au mwana wa nyumba fulani. Mzigo na mtu, vyote viwili hutegemea jambo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni kimo cha mahali gari na tela zinapoungana.

Watu wengi hudhani kwamba kiungo kikishika, kazi imekwisha. Sivyo. Kiungo chaweza kushika imara, na bado safari ikawa ya hatari, kwa kuwa kimewekwa juu mno au chini mno. Jambo hili halihitaji mashine ya kupimia. Lahitaji futi kamba, mahali tambarare, na robo saa ya subira.

1. MAJINA YA VITU

Nyuma ya gari pana mpira wa chuma. Mbele ya tela pana mti wa chuma wa kuvutia, na mwisho wake una kikombe kinachoufunika mpira ule. Kimo cha mpira ni urefu kutoka ardhini hadi katikati ya mpira. Kimo cha kikombe ni urefu kutoka ardhini hadi katikati ya tundu lake, tela ikiwa imelala sawasawa kama meza. Vimo hivi viwili sharti vilingane, au vikaribiane sana.

2. MADHARA YA VIMO VISIVYOLINGANA

Mpira ukiwa juu mno, pua ya tela huinuka na mzigo huegemea nyuma. Uzito uliopaswa kukandamiza mpira hupungua, na barabara ikiwa mbaya tela huanza kuinua sehemu ya nyuma ya gari. Hapo magurudumu ya nyuma hayashiki ardhi vema. Ukiteremka kwa kasi, tela huyumba kushoto na kulia kama mkia wa ng'ombe afukuzaye nzi, na kila ukiyumba huzidi, hata dereva asiweze tena kuizuia.

Mpira ukiwa chini mno, pua ya tela huinama. Uzito huja mbele, nyuma ya gari huzama, na magurudumu ya mbele huwa mepesi. Usukani hautii kama ulivyozoea, breki za mbele hupungukiwa na nguvu, na usiku taa humulika matawi ya miti badala ya njia. Tena ukivuka korongo, pua ya tela hugonga ardhi.

Tela yenye ekseli mbili ina dhara jingine. Pua ikiinuka, magurudumu ya nyuma hubeba karibu mzigo wote. Pua ikiinama, ya mbele ndiyo yanayobeba. Tairi zilizoelemewa hupata joto, na mwisho hupasuka. Mwenye mali hulaumu tairi, kumbe kosa lilikuwa la kiungo.

3. NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, tafuta mahali tambarare. Usipime penye mteremko, maana kipimo kitakudanganya. Jaza upepo katika tairi zote kwa kadiri inayotakiwa.

Pili, pakia gari kama litakavyokuwa siku ya soko, pamoja na watu watakaopanda. Gari tupu husimama juu kuliko gari lenye mzigo. Anayepima gari tupu hupima gari lisiloenda sokoni. Kisha pima kimo cha mpira na kukiandika.

Tatu, pakia tela kwa kadiri ya kawaida. Zuia magurudumu yake kwa mawe makubwa, mbele na nyuma, ndipo uinue au ushushe pua mpaka sakafu ya tela iwe sawa. Kama huna pimamaji, pima kutoka ardhini hadi sakafu, mbele na nyuma. Vipimo viwili vikiwa sawa, tela imelala sawa. Sasa pima kimo cha kikombe.

Nne, unganisha gari na tela, kisha pima tena kimo cha mpira. Utaona umeshuka kidogo, kwa sababu springi za gari zimepokea uzito wa pua. Kipimo hiki cha mwisho ndicho utakachokifuata.

4. MFANO

Tuseme kimo cha mpira, gari likiwa na mzigo, ni sentimita 52. Kimo cha kikombe, tela ikiwa sawa, ni sentimita 45. Tofauti ni sentimita 7. Mtu mwenye haraka atakwenda kwa fundi na kumwambia ashushe mpira sentimita 7. Lakini ulipounganisha na kupima tena, springi zilizama sentimita 3, na mpira ukawa kwenye sentimita 49. Basi tofauti iliyobaki ni sentimita 4 tu, nayo ndiyo ya kurekebisha. Angefuata kipimo cha kwanza, pua ingeinama sentimita 3 bila sababu.

Ikiwa huwezi kupata usawa kamili, afadhali pua iiname kidogo, kiasi cha kidole kimoja au viwili, kuliko kuinuka.

5. NAMNA YA KUREKEBISHA

Njia iliyo njema ni bamba la chuma lenye matundu kadhaa, lililofungwa kwa bolti nyuma ya gari. Mpira huweza kufungwa katika tundu la juu au la chini, kwa kadiri ya tela inayovutwa. Bamba hili lawafaa hasa wanaokodi magari, kwa kuwa magari hayana kimo kimoja. Katika Ulaya, desturi ya magari madogo ni mpira kuwa kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo. Kwa hiyo tela au nyumba ya magurudumu iliyotengenezwa huko, ukiivuta kwa pikapu ndefu ya barabara mbovu, yaelekea itainua pua.

Njia ya pili ni kuiinua tela yenyewe. Ikiwa ekseli imefungwa juu ya springi, fundi aweza kuihamisha iwe chini yake, na tela itapanda. Kazi hii si ya kubahatisha, nayo huifanya tela iwe ndefu na rahisi kupinduka. Mfikirie mara mbili. Hapa Arusha pana Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, yaani CAMARTEC, kilichoundwa mwaka 1981. Mambo ya zana na vyombo vya kilimo ndiyo kazi yake.

Yapo mambo usiyoyafanya kamwe. Usiupinde mti wa tela kwa moto, maana chuma kilichopindwa hivyo hudhoofika, nacho hukatika siku ya mzigo mzito. Usifunge kiungo kwa kamba au waya. Wala usihamishie magunia nyuma ili pua ishuke au isishuke. Kuhamisha mzigo hakurekebishi kimo, bali huongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

6. UZITO WA PUA

Vimo vikilingana, tazama uzito unaokandamiza mpira. Kwa tela ya ekseli moja, kadiri iliyo salama ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela na mzigo, maadamu haizidi kiasi ambacho gari na kiungo vimetengenezwa kubeba. Tela ya kilo 200 yenye mzigo wa kilo 600 ina jumla ya kilo 800. Basi pua yake na ikandamize kama kilo 80.

Chukua mizani ya kupimia magunia, simamisha juu yake gogo lenye urefu utakaoiweka tela sawa, kisha laza pua juu ya gogo. Toa uzito wa gogo katika hesabu yako. Uzito ukipungua, sogeza mzigo mbele kidogo. Ukizidi, sogeza nyuma. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli, navyo vifungwe visitembee.

7. UKUBWA WA MPIRA NA KIKOMBE

Mipira haina ukubwa mmoja. Upo wa milimita 50, upo wa inchi 2, ambao ni milimita 50.8, na upo mdogo wa karibu milimita 48. Kwa jicho yote yafanana. Lakini kikombe cha inchi 2 juu ya mpira mdogo chaweza kuruka katika shimo la kwanza. Soma namba iliyopigwa juu ya chuma, na uhakikishe kwamba ya mpira na ya kikombe ni moja. Kisha funga minyororo miwili, ipishane chini ya mti wa tela. Kiungo kikiachia, pua itaangukia minyororo wala haitachimba barabara.

8. TREKTA NA WANYAMA

Wenye trekta wana sharti moja zaidi. Usivute kamwe kutoka mahali palipo juu ya ekseli ya nyuma. Magurudumu husukuma ardhi chini, mzigo huzuia kwa juu, na trekta huinua pua na kuweza kumpindukia dereva kwa nyuma, hasa likipanda kilima. Mambo hayo hutokea upesi, hata mtu asipate nafasi ya kuruka. Tumia chuma cha kuvutia kilichowekwa chini kwa kazi hiyo.

Hata mkokoteni wa ng'ombe hufuata kanuni iyo hiyo. Mti ukiwa juu mno, nira huinuka na ukanda hukaba koo. Ukiwa chini mno, au mzigo ukiwa mbele mno, shingo hukandamizwa na kufanya vidonda. Basi mti ulingane na kimo cha mabega ya ng'ombe wako, nao ulale juu yao kwa uzito mdogo tu.

9. KUMBUKA

Pima gari na tela vikiwa na mzigo, mahali tambarare. Pima tena baada ya kuunganisha. Tela iwe sawa, au iiname kidogo, isiinuke. Pua ibebe sehemu moja katika kumi. Mpira na kikombe viwe vya namba moja. Minyororo ifungwe kila safari, hata ya karibu. Wala usimruhusu mtu yeyote, hasa mtoto, kupanda juu ya tela inayokwenda.

Andika vipimo vyako kwa rangi juu ya mti wa tela. Siku nyingine ukikodi gari jipya, hutahitaji kubahatisha. Utapima mpira wake, utasoma namba yako, na utajua kabla ya kupakia kama gari lile lafaa au halifai.