Uvimbe wa kifuani: limfoma au timoma?

Swali: Daktari, skana ya dada yangu imeonyesha uvimbe nyuma ya mfupa wa kidari. Kipande kilichokatwa kimejaa limfosaiti, tukaambiwa ni limfoma. Tukubali? (Mama, Likasi)

Jibu: Mama, ombeni kwanza, na upesi, kipimo cha keratini, protini ya seli za epithelia. Kipimo cha TdT, alama ya limfosaiti changa, peke yake hupotosha: huonekana kwenye limfoma ya seli T changa, na pia kwenye limfosaiti za timoma (uvimbe wa tezi ya thaimasi) ya aina B1. Mtandao wa keratini ndio unaoifichua timoma. Ipo pia aina adimu ya timoma, yenye vinundu vidogo vya epithelia vilivyozungukwa na limfosaiti B. Kipande kidogo huikosa kirahisi. Je, kope za dada hulegea jioni? Mwambieni daktari, maana miasthenia, ugonjwa wa kulegea kwa misuli, huandamana na timoma. Kama kipimo hakipatikani kwenu, kipande kilichohifadhiwa kwenye nta husafiri salama hadi Lubumbashi au mbali zaidi. Akihema kwa shida, hospitali siku hiyohiyo.