Wimbo Mmoja, Gari Moja, Sauti Nne

Chukua wimbo mmoja ulio kwenye simu yako. Upige garini kwa waya wa aux, kisha kwa Bluetooth. Halafu unakili kwenye flashi uichomeke kwenye redio. Mwisho, upitishe kwenye kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la sigara na kurusha sauti kwa FM. Wimbo ni uleule na spika ni zilezile, lakini utasikia sauti nne zisizofanana. Wengi hapo hulaumu spika, wakaenda dukani kununua redio mpya. Kabla hujatoa fedha, ni vizuri kujua kinachotoka kwenye simu kwenda kwenye spika ni kitu gani hasa, na kinageuka umbo wapi.

Sauti ni hewa inayobanwa na kulegezwa. Ngozi ya ngoma ikipigwa huenda mbele ikaibana hewa, ikarudi nyuma ikailegeza, na mtikisiko huo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde mpaka sikioni. Kijana mwenye masikio mazima husikia mitikisiko ya kuanzia 20 hadi takriban 20,000 kwa sekunde. Miaka ikisogea, ile ya juu huanza kupotea. Maikrofoni huugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa mwendo uleule. Spika hufanya kinyume chake: hupokea umeme huo, ukaitikisa karatasi yake, na karatasi ikaisukuma hewa.

Ila wimbo ukiwa umehifadhiwa kwenye simu, hauko katika umbo la umeme unaopanda na kushuka. Ni namba tupu. Wakati wa kurekodi, mtambo hupima kimo cha umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuandika kila kipimo. Hapo mtu makini atauliza: yale yaliyotokea kati ya kipimo kimoja na kingine si yamepotea? Hayakupotea, na jibu hili ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyopatikana katika sayansi ya karne ya 20. Harry Nyquist alilikaribia mwaka 1928, na Claude Shannon akaliweka wazi katika andiko lake la mwaka 1949. Ukipima zaidi ya mara mbili kwa kila mtikisiko wa kasi kubwa unaotaka kuuhifadhi, vipimo hivyo vinatosha kulirudisha wimbi zima, hata sehemu ambazo hazikupimwa. Wimbi ambalo halina mitikisiko ya kasi zaidi ya hapo halina nafasi ya kufanya jambo jingine lolote katikati. Upo mchoro mmoja tu unaoweza kupita kwenye vipimo vyote.

Ndiyo maana CD, iliyoingizwa sokoni na Philips na Sony mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde: mara mbili ya 20,000, na akiba kidogo juu yake. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huchagua kimo kimoja kati ya vimo 65,536. Spika za kushoto na kulia zina namba zake kila moja. Zidisha 44,100 kwa 16 kwa 2, unapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde ya muziki. Wimbo wa dakika 4 unachukua zaidi ya megabaiti 42.

Mzigo huo ni mkubwa, na hapo ndipo MP3 ilipoingia. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa mmoja wao, hawakutafuta namna ya kuziandika namba kwa ufupi tu. Walichunguza sikio. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa masafa. Besi nzito ikilia, mtikisiko mdogo ulio jirani nayo sikio halina habari nao. Basi kisichosikika kikaondolewa. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inabaki na sehemu moja tu ya kumi na moja ya namba za CD, na wimbo wa dakika 4 unashuka hadi megabaiti 4 hivi. Kilichoondolewa hakirudi tena. Mtu akikutumia wimbo uliobanwa sana, hakuna redio duniani itakayourejesha.

Sasa tunaweza kuuliza swali linalofungua yote yanayofuata: namba hizi zinageuzwa kuwa umeme wa kupanda na kushuka mahali gani? Kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo, na lazima iwepo moja mahali fulani njiani. Kabla ya chipu hiyo, wimbo ni namba, na namba ama inafika kamili ama haifiki. Baada yake, wimbo ni umeme mwembamba unaoweza kuchafuliwa na kila kitu.

Kwa waya wa aux, mgeuzo unafanyika ndani ya simu yenyewe, au kwenye kichwa cha adapta kama simu haina tundu la earphone. Kwa hiyo waya mzima, mita moja au zaidi, umebeba umeme dhaifu ndani ya gari lililojaa umeme mwingine. Umewahi kusikia mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachia? Hiyo ni altaneta. Inatokea hasa simu ikiwa inachajiwa kwenye gari hilohilo, kwa sababu simu na redio zimeunganishwa kwenye bodi ya gari kwa njia mbili, na umeme wa altaneta hupata mduara wa kuzungukia kupitia waya wa sauti. Chomoa chaja. Mlio ukinyamaza, umeshapata mchawi wako, wala spika hazina kosa. Na ukiwa kwenye aux, pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, kisha punguza kwenye redio. Ukifanya kinyume, redio italazimika kukuza muziki mdogo pamoja na uchafu wote uliodakwa njiani.

Flashi huenda kinyume kabisa. Simu haihusiki, redio inasoma faili yenyewe na chipu ya gari ndiyo inayogeuza. Namba zinafika kamili. Kinachosumbua ni mambo ya mpangilio. Redio nyingi za gari husoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na ikiwa ya NTFS zinasema haina kitu wakati imejaa nyimbo. Zile za bei nafuu hazipangi nyimbo kwa alfabeti. Zinazipiga kwa mfuatano zilivyoandikwa kwenye flashi, yaani uliotangulia kunakiliwa ndio unaotangulia kulia. Jina la wimbo linapokatika katikati kwenye kioo, mara nyingi sababu iko ndani ya faili. Mtindo wa kwanza wa kuandika majina kwenye MP3, wa mwaka 1996, ulitenga baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na katika hizo jina la wimbo lilipewa herufi 30, basi. Redio inayosoma mtindo huo peke yake haiwezi kuonyesha zaidi. Nyimbo unazohifadhi ndani ya programu kama Spotify au Boomplay, hizo hazitalia kutoka kwenye flashi hata ukizinakili, maana zimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya programu.

Bluetooth ndiyo inayotumiwa kuliko zote siku hizi, na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Simu huifungua MP3 kwanza ikawa namba kamili, ikachanganya na mlio wa ujumbe kama umeingia, halafu ikazibana upya kwa mfumo mwingine. Mfumo ambao kila kifaa cha muziki cha Bluetooth lazima kiuelewe unaitwa SBC, na katika kiwango chake cha kawaida cha ubora wa juu hupitisha kilobiti 328 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbo umebanwa mara mbili na watu wawili wasiojuana, na kila mmoja ametupa alichoona hakisikiki. Faili ikiwa nzuri tangu mwanzo, ndani ya gari linalotembea ni vigumu kuona tofauti. Ikiwa mbovu, kubanwa mara ya pili kunaongeza ubovu.

Hewani namba hizo zinapita kwenye masafa ya megahezi 2,402 hadi 2,480, mahali palipojaa Wi-Fi. Bluetooth haikai sehemu moja. Imeigawa nafasi hiyo katika njia 79, na inaruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde kwa mfuatano ambao simu na redio hiyo pekee zinaujua. Njia moja ikiwa na kelele, kipande kilichopotea kinatumwa tena kwenye nyingine. Wazo la kurukaruka namna hii lilisajiliwa Marekani mwaka 1942 na mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil, waliotaka kuongoza torpedo bila adui kuvuruga mawimbi. Walipanga masafa 88, idadi ya vibonye vya piano.

Kisha kuna kanuni tofauti kwa kazi tofauti. A2DP ni ya muziki, HFP ni ya kuongea, AVRCP ni ya amri na majina. Njia ya kuongea, kwa mtindo wake wa zamani, hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde. Rudi kwa Nyquist: hakuna mtikisiko unaozidi 4,000 utakaopita. Ukisikia wimbo kama unatoka ndani ya simu ya mezani, ujue umeingia njia ya kuongea. Fungua mipangilio ya Bluetooth kwenye simu, gusa jina la gari, uhakikishe upande wa muziki umewashwa. Na gari linapoanza kupiga wimbo lenyewe ukiwasha injini, si mzimu: redio imetuma amri ya kupiga, na simu ikaipeleka kwa programu iliyopiga muziki mara ya mwisho.

Kifaa cha FM kinageuza namba kuwa umeme palepale kwenye tundu la sigara, kisha kikaurusha hewani kama kituo kidogo cha redio. FM haibebi mitikisiko inayozidi 15,000 hivi, na redio ya FM hufuata kituo chenye nguvu zaidi na kukiacha kabisa kile dhaifu. Ndiyo maana masafa yaliyokuwa tupu mjini yanamezwa ghafla ukifika mji mwingine.

Kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo yamejaa barabara zetu, kuna jambo la ziada. Kwa miaka mingi FM ya Japani ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati yetu ni 87.5 hadi 108. Ukiweka kifaa chako kwenye 98, redio hiyo haifiki huko. Kiweke kati ya 87.5 na 90, pale ambapo nchi mbili zinakutana. Fundi akifunga ekspanda kwenye waya wa antena, anachofanya ni kuyashusha masafa yote kwa kiasi kimoja. Ikishusha 14, kituo cha 100 utakipata kwenye 86.

Zaidi ya njia hizo nne, ipo mifumo ya kuleta programu za simu kwenye kioo cha gari. Android Auto na CarPlay, zilizotangazwa zote mwaka 2014, hupeleka namba kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi, na simu ndiyo inayochora picha ya kwenye kioo. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi 4 za msingi: mbili za umeme, mbili za data. Baadhi ya waya za bei ya chini zina zile za umeme tu. Simu itachaji, kioo hakitaonyesha kitu, na hapo kinachohitaji kubadilishwa ni waya.

Kama redio yako ni ya zamani na haina Bluetooth, usiibadilishe kwa ajili ya sauti. Iwapo ina tundu la USB, nunua flashi, ifomati kwa FAT32, jaza faili za kilobiti 256 au 320, uzinakili kwa mpangilio unaoutaka. Kwa usafi wa sauti, hiyo inaishinda FM na aux, na mara nyingi inaishinda Bluetooth pia.