Mgongo Uliopinda na Moyo wa Kijana

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kijana aliyekwisha kuambiwa na tabibu ya kuwa uti wa mgongo wake umepinda kwenda upande, akarejea nyumbani na bahasha ya eksrei mkononi asijue amweleze nani wala aanzie wapi. Na kwa ajili ya wazazi wake, ambao aghalabu huuliza mengi juu ya mfupa na machache mno juu ya moyo. Muradi wetu ni kuonyesha ya kuwa huzuni ya kijana huyu ni sehemu ya maradhi yake, haina utoto ndani yake wala utovu wa shukrani, na kwamba tiba ya mgongo wenyewe ni shida kutimia kama huzuni hiyo haikupewa nafasi ya kusemwa na kusikilizwa.

Hali yenyewe

Matabibu huiita skoliosisi, nao huihesabu kuwa ipo mpindo ukifika nyuzi 10 katika picha. Katika kila vijana 100 wapo wawili au watatu walio nayo, na wengi wao hawahitaji ila kupimwa kila baada ya miezi kadha mpaka watakapokoma kukua. Mipindo mikubwa, ile inayotaka tiba, huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana. Katika kila wagonjwa kumi, takriban wanane sababu yao haijulikani, ingawa nasaba ina sehemu yake. Haitokani na mkoba wa vitabu, wala kukaa vibaya darasani, wala jicho la hasidi, wala kosa la mama alipokuwa mjamzito. Wala isichanganywe na kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho huweza kumtia mtu kibiongo na ambacho kina dawa zake mbali; skoliosisi haimwambukizi mtu yeyote.

Tumeyatanguliza haya kwa sababu lawama ndiyo mzigo wa kwanza anaotwishwa kijana. Shangazi akija kumtembelea humwambia, “Kaa wima, mwanangu,” naye hujitahidi kukaa wima na asiweze, kisha hulala usiku akiamini ya kuwa amejipinda mwenyewe kwa uvivu wake.

Kioo, fundi cherehani na macho ya watu

Maradhi haya huja, mara nyingi, katika umri wa baleghe, wakati ambapo hata kijana mwenye siha kamili huutazama mwili wake kwa tashwishi, akiuona kila siku kuwa mgeni. Msichana anayepelekwa kwa fundi kupimwa sare ya shule, akasikia mbele ya wateja wengine ya kuwa bega moja limeshuka na upindo wa sketi utakwenda upande, hupata jeraha ambalo fundi hakukusudia kulitia. Afadhali mama aende kwanza peke yake, amwambie fundi akate upindo kwa kufuata nyonga na alilegeze kidogo vazi kiunoni, kazi ambayo fundi mzuri huifanya bila ya maneno. Hilo ni jambo dogo, lakini maisha ya kila siku yamejengwa kwa mambo ya namna hiyo, na moyo wa kijana hupona au huumia humo.

Ukijiona kiooni na ukalia, mwanetu, lia. Hasira ya kuuliza “Kwa nini mimi?” ni hasira ya haki, na hakuna mtu mzima mwenye insafu atakayekukemea kwayo. Tungekuomba jambo moja tu: usiibebe peke yako. Mchague mtu mmoja ambaye hatatetemeka ukimwambia kweli. Kwa msichana wa mwambao aweza kuwa somo wake, ambaye tangu kale amekuwa mtu wa kuzungumza naye habari za mwili bila ya haya. Kwa mwingine aweza kuwa bibi, kaka, au rafiki wa dawati moja.

Bresi

Kijana ambaye bado anakua, na mpindo wake umefika baina ya nyuzi 25 na 40, aghalabu hupewa bresi, yaani koti gumu la plastiki linalobana kiwiliwili kuanzia kwapani hadi nyongani ili mpindo usizidi. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013, ulionyesha ya kuwa katika kila vijana 100 waliopewa bresi, 72 walimaliza kukua bila ya mpindo wao kufika nyuzi 50, hali katika wale walioangaliwa tu walikuwa 48. Nao walioivaa kwa zaidi ya saa 13 kila siku walifanikiwa tisa au zaidi katika kila kumi. Faida ya bresi, basi, imo katika saa za kuivaa, na saa hizo zimo mikononi mwa kijana mwenye joto, mwenye aibu, mwenye kuogopa kicheko cha wenziwe. Mzazi anayedhani ya kuwa atamlinda mwanawe kwa kumkagua kila saa kama askari atavunjika moyo, kwa maana bresi inayovaliwa kwa amri nyumbani huvuliwa chooni shuleni na kufichwa mkobani.

Lililo bora ni kijana aelezwe mwenyewe, aonyeshwe picha yake, aulizwe ni saa zipi zitakazomlemea zaidi, kisha ratiba ipangwe naye mbele ya tabibu. Siku za kaskazi, jasho linapomiminika, avae ndani fulana ya pamba isiyo na mishono ya kukwaruza na aibadilishe inapolowa. Asipake mafuta chini ya bresi. Na ngozi ikichubuka, fundi aliyeitengeneza aambiwe upesi. Anayeswali amuulize tabibu kama aweza kuivua kwa muda wa sala, na ikiwa kuinama kunamshinda, dini imempa mwenye udhuru nafasi yake.

Kuhusu wenziwe, kijana ana haki ya kuamua ni nani ajue. Siri hii huchosha kuliko bresi yenyewe, na wengi walioifungua kwa rafiki mmoja au wawili walipata nafuu ambayo hawakuitazamia; lakini hiari ni yake, na mwalimu asiitangaze mstarini kwa nia njema ya kumwombea huruma. Yafaa awe na jibu fupi lililo tayari: “Mgongo wangu umepinda, navaa hii usizidi,” kisha aendelee na mazungumzo mengine. Dhihaka ikizidi, kuizuia ni wajibu wa mwalimu.

Michezo asinyimwe ila kwa agizo la tabibu. Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, ana skoliosisi. Na wachache ambao mpindo wao hupita nyuzi 45 au 50, wakashauriwa kufanyiwa upasuaji, hubaki na kovu refu mgongoni. Binti Mfalme Eugenie wa Uingereza, aliyepasuliwa akiwa na umri wa miaka 12, aliolewa Oktoba 2018 kwa gauni lililoachwa wazi mgongoni kwa makusudi, kovu lake likaonekana na kila aliyehudhuria.

Huzuni ipitayo kiasi

Kijana akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili au zaidi, akajitenga na watu aliowapenda, au akasema hata kwa mzaha ya kuwa afadhali asingekuwako, apelekwe katika kituo cha afya siku hiyo hiyo, na maneno yake yasipuuzwe. Vivyo hivyo akipata ganzi ya miguu au akishindwa kuzuia mkojo.

Siku ya kuivua

Mifupa ikikoma kukua, tabibu hupunguza saa za bresi kidogo kidogo mpaka iachwe kabisa. Jamaa hutazamia shangwe, lakini wapo vijana ambao siku hiyo huingiwa na hofu, wakijiona wako wazi bila ya kitu kilichowashika kwa miaka, na huona haya kuikiri hofu hiyo. Mzazi asiicheke. Siku za kurudi hospitali kwa kupimwa huendelea baada ya hapo, na katika siku hizo twashauri kijana apewe nafasi ya kuingia kwanza peke yake kwa tabibu, aulize yake, kabla ya mama na baba kuitwa.