Niliyojifunza Tangu Niache Kupiga Kura ya Mtaa

Mara ya mwisho kupiga kura ya serikali za mitaa ilikuwa Desemba 2014. Uchaguzi wa 2019 ulipita, wa 2024 ukapita, nami nikiwa hapa hapa Songea, mzima wa afya, kadi ninayo. Vijana wanaonijia kuzungumza habari hii ni wa aina mbili: wanaotaka kugombea, na waliokata tamaa kabla hawajaanza. Wote nawapa mafunzo yaleyale.

1. Uchaguzi huamuliwa kwenye fomu

Mwaka 2019 jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa wetu, alichukua fomu ya kugombea uenyekiti kupitia chama cha upinzani. Aliijaza usiku mezani kwake, taratibu, kwa mwandiko uleule wa ubaoni. Orodha ya walioteuliwa ilipobandikwa, jina lake halimo. Sababu aliyopewa ni kwamba fomu haikujazwa ipasavyo. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasoma tangazo upya toka juu.

Nilidhani ni mkosi wa mtaa wetu. Kumbe malalamiko yalikuwa ya nchi nzima. Vyama vya upinzani vilisema wagombea wao wameenguliwa kwa maelfu. Mwanzoni mwa Novemba CHADEMA ikatangaza kujitoa, na vingine vikafuata. Kura ikapigwa tarehe 24 Novemba, na chama tawala, CCM, kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya viti, vingi vikiwa vya wagombea waliopita bila kupingwa. Mimi siku ya kura nilikaa nyumbani.

Kilichonishangaza baadaye, nilipoanza kusoma kanuni, ni kwamba uchaguzi huu hausimamiwi na Tume ya Uchaguzi. Unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na fomu hupokelewa na maofisa wanaolipwa mshahara na serikali ileile. Na huwezi kukwepa vyama ukasimama mwenyewe, kwa sababu lazima udhaminiwe na chama, hata kama unachotaka ni kusimamia mitaro na taa za mtaa wako. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa haki. Sharti la chama bado lipo.

Kwa hiyo usiisubiri siku ya kura ndipo uamke. Wiki za fomu, uteuzi na rufaa ndizo zenye uzito, na ndizo ambazo wananchi hatuonekani.

2. Anayekaa nyumbani hahesabiwi

Niliamini kituo cha kura kikiwa kitupu kitasema kitu. Hakikusema. Asilimia zinazosomwa redioni ni za viti vilivyopatikana, si za watu waliokataa kwenda. Mwaka 2024 tulitangaziwa kwamba waliojiandikisha wamepita milioni 31, kisha kwamba CCM imeshinda zaidi ya asilimia 98. Kukataa kwangu hakumo katika hesabu yoyote kati ya hizo.

Tena chaguzi hizi mbili, wa 2019 na wa 2024, ziliangukia mwishoni mwa Novemba, wakati huku kwetu watu wanatazama mvua za kwanza na kutafuta mbolea ya kupandia. Kwenye daftari, aliyesusia na aliyekwenda kupanda mahindi wanafanana kabisa.

Kanuni za 2024 ziliondoa kupita bila kupingwa: mgombea akibaki peke yake, anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kwetu alibaki mmoja. Mke wangu alikwenda, akapiga hapana. Matokeo hayakubadilika, lakini hapana yake ilihesabiwa mbele ya mawakala na ikaandikwa. Yangu wanaijua niliowasimulia tu. Sisemi kususia ni kosa. Mtu aliyeona fomu ya jirani yake ikitupwa ana haki ya kukataa. Nasema kususia kimyakimya hakumfikii mtu. Ukisusia, sema, toa sababu, na wapate wenzako wa kusema nao.

3. Mwenyekiti usiyemchagua ni mwenyekiti wako

Binti wa dada yangu aliomba na kikundi chake mkopo wa vijana katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Akahitaji barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilipotaka kuandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, safari ikaanzia ofisi ileile. Dhamana polisi, mirathi, mgogoro wa mpaka wa kiwanja, kote huko wanauliza muhuri wa mtaa. Mbunge unaweza kuishi miaka mitano bila kumhitaji. Huyu, hapana.

4. Sanduku likifungwa, mkutano haujafungwa

Hili ndilo lililonirudisha kwenye mambo ya umma. Shamba langu liko kijijini, upande wa Peramiho. Siku moja niliitwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji: kuna mtu anataka ardhi ya kupanda miti. Watu walikaa chini ya mwembe, hotuba ikasomwa, na wakati huohuo karatasi ikawa inazunguka tusaini. Bibi mmoja anayeuza dagaa wa Nyasa aliishika, akaigeuza nyuma na mbele, akainuka. “Mwanangu mtendaji, hapa tunasaini kwamba tumefika, au kwamba tumekubali?”

Karatasi haikuwa na kichwa cha habari. Bibi akakataa kuiachia mpaka mtendaji alipoandika juu, mbele ya macho yetu, neno MAHUDHURIO. Ndipo mjadala wa kweli ukaanza, na siku ile kijiji hakikutoa ardhi.

Bibi yule hakuwa akiomba hisani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu. Mkutano huo unapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, awe alipiga kura au hakupiga. Humo ndimo mapato na matumizi yanapaswa kusomwa.

Nasi watu wa Songea hatukufundishwa mikutano jana. Miaka ya 1960 wanavijiji wa Litowa na wenzao wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma walipanga kazi, shule na mgawanyo wa mavuno kwa kukaa na kujadiliana. Mwalimu Nyerere aliwasifu, na bado Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao. Kwa maoni yangu walivunjwa kwa sababu walizoea mno kuamua wenyewe. Mkutano usingekuwa na nguvu, nani angehangaika kuuzima?

5. Uchaguzi wa 2029 umeshaanza

Siahidi kwamba nitapiga kura. Nitaamua nikishaona fomu zimepokelewaje. Lakini wiki ya fomu nitakuwepo, na yule jirani yangu mwalimu mstaafu tumeshakubaliana: atakayegombea mtaani kwetu, wa chama chochote, tutakaa naye tuisome fomu yake neno kwa neno kabla hajairudisha. Wewe mwenye miaka 21 na nia ya kugombea, anza sasa kuhudhuria mikutano na kuuliza mapato na matumizi. Fomu yako itoe nakala, idai saini ya aliyeipokea, na usiende kuirudisha peke yako.