Waifai ya Pamoja Inapokwama Jioni

*Tuko wapangaji sita Parklands, tunachangia waifai moja. Jirani wa juu akianza kupakua filamu, sisi hata ujumbe wa WhatsApp hauendi. Tununue kifurushi kikubwa zaidi?*
*Mpangaji, Parklands*

Msiongeze pesa kwanza, ndugu yangu. Hewa ya waifai ni njia ya mtu mmoja: kifaa kimoja kikisema, vingine husubiri. Laptopu iliyo mbali na ruta hutuma polepole, hushika zamu ndefu, na hata aliye karibu anachelewa. Filamu nayo hujaza foleni ya data, ujumbe wako mdogo ukakaa nyuma yake.

Kama ruta iko nyuma ya mlango wa chuma, itoeni, muiweke juu, katikati. Magorofa yenu yamebanana, kwa hiyo kwenye gigahezi 2.4 tumieni chaneli 1, 6 au 11 pekee. Simu mpya zihamie gigahezi 5. Televisheni iungwe kwa waya. Dawa kubwa ni mpangilio wa ruta uitwao SQM: wekeni kikomo kama asilimia 90 ya kasi mnayopata, foleni itagawanywa kwa haki.

Pimeni kwa waya jioni, wengine wakiwa wamezima vifaa. Kasi ikiwa bado ndogo kuliko mnayolipia, mpigieni mtoa huduma. Huenda kosa ni la laini yake.